Reli ya Mikanda ya Marobota

Mimi ni fundi bati, na sipendi mtu anirudishie kazi akisema ina kasoro. Nalisema hilo mapema, msije mkadhani nimekuwa mpole tangu kuzaliwa. Soko la Bariadi wananijua: Zamda wa koroboi, ana mdomo na ana pasi ya kulehemu, na haijulikani kipi kinaunguza zaidi. Marehemu baba yangu, aliyehamia hapa kutoka Ujiji na sanduku moja la vifaa, alinifundisha ufundi huu kwa sheria moja tu: usiache tundu. Koroboi yenye tundu la sindano inavuja mafuta ya taa, na mafuta yakivuja, nyumba ya mtu inaungua. Baba akimaliza kulehemu alijaza maji, akainua juu, akasubiri. Likidondoka tone moja anabomoa, anaanza upya.

Sasa koroboi nani ananunua siku hizi? Sola zimefika mpaka Zagayu huko ndani kabisa. Nimebaki na majiko, faneli, na kutia ndoo matako. Ndivyo nilivyokuwa, mwaka juzi mwezi wa kumi, alipokuja mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, ingawa aliniona wazi mimi si Msukuma. Nikamwitikia. Akataka nimtengenezee tangi la maji la duara, refu kama kidole cha shahada, lenye miguu minne. Nikadhani ni kitu cha kuchezea cha mjukuu. Nikampa jioni yake. Kesho yake asubuhi huyo hapo, amelirudisha.

"Limezidi kidogo," akasema.

"Limezidi nini?"

"Unene wa njiti ya kiberiti."

Nikatengeneza jingine, nimenuna. Akalirudisha na hilo. Weee! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na wauza nyanya jirani waliacha kuuza wakasikiliza. Mzee alinitazama tu mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Njoo uone linapokaa, halafu utanitukana vizuri."

Nikafunga kibanda nikamfuata. Alikuwa akikaa na binti yake Violeth, ambaye ni muuguzi, kwenye nyumba ya kupanga upande wa barabara ya Maswa. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Akafungua chumba cha uani, na matusi yote yakanitoka kichwani.

Chumba kizima kilikuwa reli. Imezunguka juu ya mbao zilizowekwa usawa wa kiuno, na katikati kuna stesheni ya Malampaka, ile ya kule Maswa, na bati lake, na benchi lake, na kipande cha chuma kinachogongwa kutangaza treni, kidogo kama punje ya mtama. Kuna kiwanda cha kuchambulia pamba, na nje yake marobota ya pamba halisi yamefungwa kwa uzi. Kuna mama amebeba beseni la viazi anamwinulia abiria dirishani. Na treni yenyewe, kichwa kimoja cha betri na mabehewa saba, inapita na kusema ka-tak, ka-tak, ka-tak. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mzee akanionyesha duara la penseli kando ya stesheni, akaweka tangi langu juu yake. Mstari wa penseli ukafunikwa. Hata bila rula niliona: limezidi unene wa njiti ya kiberiti.

"Haya, tukana," akasema.

Nikamwomba anifundishe.

Jina lake Mzee Ngeleja. Alizaliwa Lingeka kwa wafuga ng'ombe, na baba yake alitaka achunge mpaka azeeke. Akiwa kijana alisindikiza ng'ombe wa mnada mpaka Malampaka, akaliona garimoshi, na ng'ombe hawakumwona tena. Akaandikwa kazi kwenye gengi, yaani kile kikosi cha watu wanaotunza njia ya reli. Miaka thelathini na mmoja alitembea juu ya mataruma, yale yanayolaliwa na reli. Kila siku kabla jua halijatoka mmoja wao alipita njia nzima ya gengi lao na nyundo na spana, akigonga, akikaza, akitafuta kilicholegea. Alipostaafu mke wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Violeth akamleta Bariadi. Akakaa miezi sita barazani bila la kufanya. Mwezi wa saba akaokota mkanda wa chuma barabarani, ile mikanda inayofungia marobota ya pamba, akaunyoosha kwa nyundo, akaona ni reli.

Mwenzake alikuwa Mzee Mahona, Mnyamwezi, seremala aliyetengeneza mabehewa ya kweli kule Tabora mpaka akastaafu. Yeye alichonga mabehewa, madirisha, watu. Wazee hawa wawili walikuwa hawapatani hata kwa sekunde. Waligombana wiki nzima kuhusu rangi ya behewa la daraja la tatu. Mwisho Mahona akasema, "Msukuma gani anajua rangi, nyie si mnajua ng'ombe tu?" Ngeleja akamjibu, "Na wewe Mnyamwezi umezoea kubeba mizigo, umeyatazama lini mabehewa?" Wakacheka mpaka wakakohoa, kisha wakapanda gari kwenda Malampaka na kipande cha kamba, kupima kimo cha jukwaa la stesheni. Safari ya kutwa nzima, kwa ajili ya kimo cha kitu kinachotosha kiganjani.

Kwao nilijifunza kazi upya, mimi niliyejiona nimehitimu. Chukua gurudumu. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani ili lisitoke relini, kwa hiyo unakata sahani mbili za bati, moja kubwa moja ndogo, unazilehemu pamoja, na matundu ya katikati yasipishane hata unywele. Nilitengeneza magurudumu arobaini. Mzee Ngeleja akayaviringisha moja moja juu ya kioo, huku kichwa amekiinamisha anasikiliza. Thelathini na moja akayaweka kwenye kopo la takataka. Hakusema baya hata moja. Wewe ungefanyaje? Mimi niliondoka nimefura, nikalala, nikarudi asubuhi nikakata mengine. Ilipofika mwezi wa tano mwaka uliofuata hakuna gurudumu langu lililoingia kwenye lile kopo, na mzee aliacha kabisa kuyaviringisha kwenye kioo. Alinipokea, akayafunga kwenye behewa, basi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na kwa kweli mambo mengi sikuuliza. Kazi ya reli yenyewe, kuitandaza na kuipigilia, alikuwa ameimaliza kabla sijafika, na mimi nilishughulika na magurudumu na mabehewa mezani.

Watu wananiuliza, ulikuwa unapata nini pale? Nilikuwa napata kuheshimu mikono yangu. Nawashukuru wazee wale kila nikishika mkasi.

Mwaka jana mwezi wa sita Violeth akapata uhamisho kwenda zahanati ya Kiloleli, Busega. Nyumba ya watumishi ina vyumba viwili, na yeye ana watoto watatu. Alilia aliponiambia. "Dada Zamda, baba nitamchukua. Reli siwezi." Mwisho wa mwezi wa nane walitakiwa wawe wameondoka. Isipopata pa kukaa, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa tayari ameshachungulia mlangoni. Mzee Ngeleja hakulalamika. Ila akaacha kula ugali wa jioni, akawa anakaa chumbani na treni yake imesimama.

Nikahangaika mimi. Nikampata Mwalimu Mektilda, mkuu wa shule ya sekondari, mwanamke wa maneno machache, mwenyewe amesomea fizikia. Akasema ana chumba cha stoo kikubwa. "Lakini shule yangu siyo makumbusho ya vitu vibovu. Ileteni kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi. Nitakuja saa saba mchana na wanafunzi wangu. Ikienda vizuri, naichukua na mzee aje kila anapotaka. Isipoenda, mniwie radhi." Hapo hapakuwa na mzunguko: treni ikienda, reli inapona. Isipoenda, inakwenda kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Siku moja kabla ya maonyesho Mzee Ngeleja alikwenda kliniki ya presha. Nikabaki na kazi ya kuzitenganisha mbao na kuzitoa uani tayari kwa kupakia. Kwenye mwanga wa nje ndipo nilipoinama na kuitazama ile njia kwa karibu. Kila baada ya urefu wa mkono, pale mkanda mmoja unapokutana na mwingine, paliachwa mwanya. Kila kiungio. Unaingiza ukucha.

Nikafikiri: masikini mzee wangu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hilo kila mtu aliliona, kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Nikajua amekata mikanda mifupi na hakuweza kuifikisha. Wazee wale walikuwa wamenivumilia na ujinga wangu wa magurudumu, na mimi nitashindwaje kumsitiri? Nikawasha mkaa, nikatia pasi motoni, nikachukua risasi ya kulehemu na asidi, nikaziba. Viungio arobaini na sita. Niliviziba kama koroboi, nikapiga tupa mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Palipobaki, pale mbao zinapoungana, nilimalizia Nyakabindi asubuhi na mapema, baridi ile ya mwezi wa nane, wakati wazee wanakunywa uji. Nilijisikia mtu mwema kupita kiasi. Nikasema, baba angeniona leo!

Banda la wajasiriamali lilikuwa limejaa, wakatupanga nje, juani. Saa mbili asubuhi tukajaribu treni. Ikaenda laini, kimya. Mzee Ngeleja akainamisha kichwa. "Mbona haisemi?"

"Masikio yako yamekufa," Mahona akamjibu.

Mzee akaitazama reli, akanitazama mimi. Nikatabasamu. Akakaa kwenye kiti chake.

Saa saba Mwalimu Mektilda akafika na wanafunzi kama thelathini, na watu wengine wakajisogeza. Jua lilikuwa linawaka kisawasawa. Nikawasha kichwa cha treni kwa mkono wangu. Kikatoka stesheni, kikapita kiwanda cha pamba, kikaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka, na pale katikati kikapiga kando. Mabehewa yakafuata, moja, mawili, yote saba, yakaanguka chini vumbini. Mama wa viazi akavunjika shingo.

Kicheko kilikuwa cha watu wote. Nikakimbilia kuona. Ile njia iliyonyooka haikuwa imenyooka tena: mikanda ilikuwa imejipinda kama utumbo wa mbuzi, imeng'oa misumari.

"Nilikuambia!" Mahona akapiga kelele, na nadhani alitaka kulia. "Nilikuambia Ngeleja mikono yako imekwisha, ukabisha!"

Mzee Ngeleja alikuwa amepiga magoti pale chini. Akapitisha kidole juu ya reli, pole pole, kiungio kimoja, cha pili, cha tatu. Kidole kikasimama. Akajua. Niliona anajua. Watu wanamcheka, Mahona anamlaumu, na mzee amefunga mdomo wake anaokota mabehewa.

Mwalimu Mektilda akatazama saa. "Pole sana mzee wangu. Kuitunza hii kwa wanafunzi itakuwa ngumu." Akageuka.

Jamani, mimi sijawahi kukubali kosa. Mume wangu Hashimu anaweza kuapa mbele ya kadhi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na haikupasuka. Nikasikia sauti yangu, ile ya sokoni, inapaa juu ya vichwa vya watu.

"Mwalimu, rudi! Siyo yeye! Ni mimi!"

Akasimama. Nikaeleza yote, mbele ya kadamnasi, machozi na kamasi pamoja. Kwamba palikuwa na mianya, nikadhani ni uzee, nikaiziba kwa siri bila kuuliza. "Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Mzee huyu reli yake haina kosa. Kosa limeingizwa na fundi wa koroboi."

Mzee Ngeleja akainuka akajikung'uta magoti. "Mwalimu, chuma kikipata jua kinarefuka," akasema. "Usipokiachia nafasi, kinaitafuta chenyewe. Mwanya ule unaachwa makusudi. Treni ikiruka mwanya ndiyo inasema ka-tak. Huyu amefundishwa na baba yake asiache tundu, na kwa koroboi baba yake yuko sahihi. Mimi sikumwambia habari ya mwanya. Kwenye gengi, asiyemwambia mwenzake ndiye mwenye kosa."

Mwalimu Mektilda akarudi mpaka mezani. Akagusa mkanda, akautoa mkono haraka, ulikuwa wa moto. Akawageukia wanafunzi. "Kidato cha pili, nani aliandika kwenye mtihani wangu kwamba vitu vigumu havitanuki?" Mkono mmoja ukanyanyuka nusu, kwa aibu. "Njoo uone. Njooni wote." Akamgeukia Mzee Ngeleja. "Inachukua muda gani kurekebisha?"

"Muulize fundi."

"Saa moja na nusu," nikasema.

Akasema atazunguka mabanda mengine na kurudi saa tisa. Wanafunzi hawakumfuata hata mmoja, walibaki wametuzunguka. Nikapuliza mkaa. Viungio arobaini na sita nilivyovipenda, nikaviyeyusha kimoja kimoja kwa mkono wangu, na Mzee Ngeleja nyuma yangu akiinyoosha mikanda kwa nyundo, akipiga tupa kidogo kwenye kila ncha na kuipigilia misumari upya. Kwa kuwa chuma kilikuwa tayari kina joto, akanionyesha niache mwanya mwembamba tu, unene wa karatasi ya boksi la kiberiti. Asubuhi utapanuka wenyewe. Mahona akamfunga mama wa viazi shingo kwa gundi, akinung'unika, kisha akaja akashika bega la mwenzake kwa muda. Hiyo ndiyo samahani ya Mnyamwezi, nimeambiwa.

Saa tisa Mwalimu Mektilda alirudi. Treni ikatoka stesheni. Ka-tak, ka-tak, ka-tak, mpaka kwenye njia ndefu, ikapita, ikazunguka, ikarudi. Mara saba, wanafunzi wakihesabu kwa sauti. Mwalimu hakutabasamu, siyo kawaida yake. Akasema, "Jumatatu nitatuma lori." Mzee Ngeleja akavua kofia yake ya pama akashindwa kuivaa tena, akabaki ameishika.

Watu walipotawanyika nikamkalia pembeni. "Babu, asubuhi ulisikia haisemi."

"Nilisikia."

"Ungeinama tu ungeona."

"Nilitaka kuinama," akasema. "Halafu nikajiambia, hapa amepita Zamda. Nikakaa."

Nilikuwa nimemhurumia mtu huyu na kumficha, na yeye wakati huohuo alikuwa ananiamini kuliko masikio yake mwenyewe. Nililia kuliko nilivyolia mbele ya wanafunzi. Nikamwomba awe anakagua kazi yangu, kuanzia magurudumu, kuanzia leo, hata akitaka arudishe lile kopo. Akatikisa kichwa.

"Kopo la nini? Mwanya huo hutauziba tena mpaka unaingia kaburini," akasema. "Mkaguzi ni wewe. Kesho, kabla jua halijatoka, pita njia nzima na nyundo. Anza na kazi yangu. Mikono inatetemeka kweli, hapo hukukosea. Ukiona baya, usinisitiri. Niambie."

Usiku ule sikulala vizuri, nikiogopa nitakachokiona. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa pale uwanjani na nyundo ndogo na tochi ya simu. Nikagonga taruma moja moja. Karibu na kiwanda cha pamba, msumari mmoja uliingia upande, mkanda unacheza. Ni kazi yake ya jana. Mzee alikuwa nyuma yangu amekunja mikono, anangoja. Ulimi wangu, ambao soko zima linauogopa, ukawa mzito.

"Babu," nikasema, "msumari huu umeupigilia vibaya."

Akausogelea, akautazama. "Wabeja, Zamda," akanishukuru kwa Kisukuma, kama anavyomshukuru mtu wa gengi, na akanyoosha mkono nimpe nyundo.